Msimu wa Kumtoa Filimbi Kijasho

Jumatatu, 5 Januari

Nimeanza kuandika kwa sababu nikiendelea kuyasema haya kwa mdomo, Mama atanifukuza nyumbani. Amesema amechoka kumsikia mtu mmoja asubuhi na jioni kama tangazo la redio. Haya, nitaandika.

Mtu mwenyewe ni Filimbi. Hilo ni jina nililompa mimi, maana filimbi haimtoki shingoni hata akiwa anakula. Wachezaji wake anawataka wamwite Baba. Ni kocha wa timu ya wanawake ya mpira wa wavu ya kampuni ya umeme, mabingwa mara nne, na mara zote nne nahodha nilikuwa mimi. Nilikuwa seta, yule anayeupokea mpira wa pili na kuamua nani aupige. Kisha nikajifungua. Niliporudi mazoezini mtoto alikuwa anakaa mwenyewe, mimi nimepungua, pumzi ninayo. Filimbi akanitazama kuanzia juu hadi chini mbele ya timu nzima. "Mwili wa mama si mwili wa mchezaji," akasema. "Nenda ukalee." Mwisho wa mwezi na mkataba wangu wa kazi pale kampuni haukuongezwa. Nikamwaga unga kwa kosa la kuzaa.

Unahodha alimpa mdogo wangu. Mdogo wangu wa tumbo moja, tunayelala naye chumba kimoja. Naye akaupokea.

Sasa napiga pasi mashuka katika idara ya kufulia ya hospitali. Idara nayo ina timu, imezoea kushika mkia. Leo msimamizi wetu, tunayemwita Bi Mkubwa, ameniomba niwafundishe. Nimekubali kabla hajamaliza kusema. Sikumwambia kwamba ninachotaka ni kumwona Filimbi akifungwa na wafua nguo, mbele ya watu, na mimi nikiwa nimesimama palepale.

Alhamisi, 8 Januari

Mvua. Hakuna mazoezi.

Jumamosi, 10 Januari

Uwanja wetu uko nyuma ya jengo la kufulia, katikati ya kamba za kuanikia. Wavu una matundu ya kupitisha mbuzi. Wachezaji walikuja na sare za kazi, na Mama Mapacha alikuja na ndala. Huyu ndiye anayepakia mashuka yaliyolowa kwenye mashine, na mikono yake inaweza kubeba mlango. Nilimrushia mpira, akaukwepa.

"Mbona umekwepa?"

"Umekuja kwa hasira, ndugu yangu. Na mimi nina watoto wawili wananitegemea."

Wote wakaangua kicheko. Mimi sikucheka. Filimbi akituona hivi atacheka mpaka ashikwe na kwikwi.

Jumanne, 13 Januari

Nimegundua kitu. Mashuka tunayakunja wawili wawili. Kila mmoja anashika pembe mbili, tunavuta, tunasogeleana, tunakabidhiana pembe, tunarudi nyuma tena. Leo Mama Mapacha alikuwa anakunja na Kimya, binti asiyesema neno mpaka aulizwe. Wote wawili walikuwa wanatazama mvua dirishani, na shuka halikugusa sakafu hata mara moja. Mikono yao inajua mwenzake yuko wapi. Timu ya umeme inapigiwa kelele mwaka mzima na haijakipata kitu hicho.

Jioni niliwapanga uwanjani kama wanavyokunja, wawili wawili, nikawaambia mpira ni shuka safi na chini kuna tope. Ulianguka, lakini si kama juzi. Mama Mapacha alivua ndala.

Jumamosi, 17 Januari

Mechi ya kwanza. Tumefungwa seti tatu kwa bila. Sitaki kuandika.

Jumapili, 18 Januari

Mdogo wangu alikuwa anamkogesha mwanangu, anajifanya hana habari.

"Dada, nasikia jana mlijitahidi."

"Nani kakwambia?"

"Baba alisema mazoezini."

"Baba yetu tulimzika. Huyo unayemsema ni Filimbi."

Akamfunga mtoto taulo, akamkausha masikio taratibu kama anavyofanya siku zote. Inanikera kwamba mtoto anampenda.

"Kwa nini uliupokea unahodha?" nikamuuliza.

"Ningekataa, ungerudishiwa wewe?"

Nimekaa na swali hilo mpaka sasa, nalo limenizidishia hasira.

Jumamosi, 24 Januari

Tumeshinda! Seti tatu kwa mbili, dhidi ya timu ya walimu. Kimya alipiga mpira wa mwisho, akashtuka yeye mwenyewe, akasema, "Samahani." Bi Mkubwa alipiga vigelegele mpaka refa akamwomba akae.

Ijumaa, 30 Januari

Mvua wiki nzima. Tumefanya mazoezi ndani, kati ya mashine. Mpira umevunja taa.

Jumamosi, 7 Februari

Tumeshinda tena. Ya pili mfululizo sasa. Watu wameanza kutuita Mashuka. Mwanzoni walitutania, leo wametushangilia kwa jina hilo. Mama Mapacha anazuia pale wavuni utadhani kabati. Amesema mpira wa mpinzani ni mwepesi kuliko shuka lililolowa, na hilo ni kweli, tatizo lake lilikuwa kuuogopa tu.

Najua ningepaswa kufurahi. Nafurahi. Lakini kila tukipata pointi namwona Filimbi, si wao.

Alhamisi, 12 Februari

Redio imetangaza leo: fainali ya wanawake itachezwa tarehe nane Machi, Siku ya Wanawake, na siku hiyo itatolewa ngao ya Rafiki Mkuu wa Wanawake Michezoni. Atakayepewa ni nani? Filimbi. Halafu wakamweka hewani mwenyewe. "Hawa mabinti nimewatoa mbali," akasema. "Walikuwa hawana mbele wala nyuma. Mimi ndiye niliyewatengeneza."

Shuka la wodini lilikuwa chini ya pasi yangu. Limeungua, limebaki na alama ya pasi katikati. Bi Mkubwa alilitazama, akanitazama na mimi, akalikunja akaliweka pembeni.

Amenitengeneza! Nilianza kucheza kabla yeye hajajua mpira wa wavu unachezwa na watu wangapi. Kabla ya hapo alikuwa anawafundisha wanaume mpira wa miguu, wakamtimua.

Jumapili, 15 Februari

Nimekwenda kuitazama timu ya umeme ikicheza, nikiwa nimejifunga mtandio usoni kama mtoro wa shule. Na nimeona kitu kilichonitia wazimu wa furaha.

Bado wanatumia ishara zetu.

Nieleze. Zamani Filimbi alikuwa anatuamuru kwa kupayuka kutoka benchi, "Mpe Mrefu! Mpe Mrefu!", yaani mpigaji wetu mkuu, na wapinzani nao wana masikio. Basi sisi wachezaji tukatunga zetu kimyakimya, chumba cha kubadilishia nguo. Seta akishika sikio, mpira unakwenda kushoto. Akivuta soksi, mpira mfupi wa katikati. Akifunga nywele, mpira unakwenda kulia. Filimbi hakuwahi kujua. Aliona tunagusagusa nywele, akawa anafoka, "Acheni kujipamba uwanjani!" Makombe manne tuliyapata kwa kujipamba huko.

Leo mdogo wangu ameshika sikio, mpira ukaenda kushoto. Kavuta soksi, katikati. Kafunga nywele, kulia. Niko jukwaani najua kila mpira kabla haujapigwa. Nimerudi nyumbani roho kwatu.

Jumanne, 17 Februari

Nimewafundisha Mashuka ishara zote. Kimya amejifunza upesi kuliko wenzake. Mama Mapacha aliuliza swali ambalo sikulitaka.

"Seta wao si mdogo wako?"

"Ndiyo."

"Kwa hiyo tutakayemwaibisha ni nani? Huyo mzee au huyo mtoto?"

Nikamwambia arudi kwenye nafasi yake.

Jumapili, 22 Februari

Nusu fainali tumeshinda. Na wao wameshinda. Ni sisi na wao.

Mama amepika, ametukalisha wote wawili mezani, akangoja tushibe.

"Nisikilizeni. Mimi nilizaa watoto, sikuzaa mashindano. Tarehe nane nitakaa katikati ya jukwaa, sitashangilia mtu, nitapakata mjukuu wangu tu. Atakayerudi hapa akimsimanga mwenzake atalala nje."

"Sawa, Mama," tukasema pamoja. Hatukutazamana.

Alhamisi, 26 Februari

Mvua. Mtoto ana mafua.

Alhamisi, 5 Machi

Nilimkuta mdogo wangu chumbani ameloweka vidole kwenye beseni, vimevimba. Nikauliza kulikoni. Filimbi amewazidishia mazoezi, kwa sababu hataki "kufungwa na wafua nguo" siku ya ngao yake. Nilitaka kuondoka. Sijui kwa nini nilikaa.

"Dada, unajua ananiambia nini kila siku? Kila siku ya Mungu. 'Usije ukawa kama dada yako.' Nikikosea, 'Unaona, damu yenu.' Nikichelewa, 'Unataka na wewe ukalee?' Wenzangu wanacheka kwa sababu wanamwogopa."

"Na wewe?"

"Najikaza kisabuni. Nitafanya nini? Mshahara wangu ndio kodi ya nyumba hii."

Nilimkausha vidole kimoja kimoja. Mwaka mzima nimemwona ni msaliti anayekula mezani kwetu, kumbe Filimbi amekuwa akinitumia mimi kama fimbo ya kumchapia. Nilitaka kumwambia kwamba ishara zao nimeshawapa watu wangu. Maneno yalifika kwenye ulimi. Halafu nikaikumbuka ile ngao, na Filimbi akiipokea huku anajipiga kifua, nikayameza.

Sitajisafisha humu. Nilitaka ushindi kuliko nilivyomtaka mdogo wangu.

Jumapili, 8 Machi

Mvua ilikatika asubuhi. Wakafuta uwanja kwa magunia. Kulikuwa na maputo, viti vya wageni vyenye vitambaa, mgeni rasmi mwenye miwani ya jua, na bango kubwa la kuwapongeza wanawake lenye picha ya Filimbi katikati. Mama Mapacha alilisoma akaniuliza, "Na huyu naye amezaa lini?" Akanitoa hofu kidogo.

Filimbi alinijia kabla ya mechi, kavaa suti, filimbi juu ya tai.

"Binti yangu! Nasikia unafua siku hizi."

"Napiga pasi."

"Kazi ni kazi. Msijali, tutawahurumia."

Seti ya kwanza. Mdogo wangu akashika sikio. Nikapiga kelele, "Kushoto!" Watu wangu wote wakarukia kushoto. Mpira ukaangukia kulia, patupu, hakuna mtu.

Nikasema bahati. Akavuta soksi. "Katikati!" Mpira ukaenda kushoto. Akafunga nywele, tukakimbilia kulia, ukapigwa katikati tukautazama kama wageni. Alikuwa amebadilisha kila kitu. Alinijua kuliko nilivyojijua. Alijua nitakuja kutazama na alijua nitaiba, akanitegea mtego, na mimi nikajiingiza mwenyewe nikikimbia. Tulipobadilishana upande alipita karibu yangu, akafunga nywele polepole, akitabasamu.

Nikafanya jambo baya zaidi. Niliwaambia Mashuka wakianzisha mpira wampige yeye. Kila mpira kwake, achoke, aharibu. Kimya aliniangalia, akatii. Mpira ukampiga mdogo wangu kwenye vile vidole. Nikaona uso wake ulivyokunjamana. Kule jukwaani Mama alisimama, akakaa tena. Tulifungwa seti ya pili kwa aibu zaidi kuliko ya kwanza.

Yakaja mapumziko. Kimya ndiye aliyefungua mdomo, bila kuulizwa.

"Kocha, sisi tulikuwa tunacheza vizuri kabla hujatufundisha kuangalia mikono ya watu."

Alikuwa sahihi, na mbele yangu walikuwa wanawake waliovuka msimu mzima wa mvua baada ya zamu zao za kazi, na mimi nimewageuza mawe ya kumrushia mtu mmoja. Nikawaambia, "Sahauni ishara. Msimwandame tena yule binti. Kunjeni mashuka yenu."

Seti ya tatu ilianza na bado walikuwa wanaongoza. Hapo ndipo Filimbi aliponifanyia kazi ambayo nisingeiweza mwenyewe.

Alikuwa anapayuka, "Mpe Mrefu! Mpe Mrefu!" na mdogo wangu hampi Mrefu. Alikuwa anampa yule ambaye hatukumtarajia, na pointi zinaingia. Mgeni rasmi akamgeukia Filimbi, na kwa kuwa ana sauti ya hotuba, tulisikia wote: "Huyu seta ana akili sana. Hakusikilizi, lakini anashinda!" Watu wakacheka. Filimbi hakucheka. Shingo yake ilivimba mpaka kamba ya filimbi ikambana. Akaomba kubadilisha mchezaji. Alimtoa mdogo wangu wakati wanashinda, akaingiza binti mwenye kutii.

"Hapa anayefikiri ni mimi!" akamfokea pale pembeni, mbele ya watu wote. "Unajipambapamba tu! Damu yenu ni moja!"

Mdogo wangu akakaa benchi, mikono mapajani.

Yule binti mtiifu akampa Mrefu. Kila mpira, Mrefu. Na Mama Mapacha alikuwa anamngoja Mrefu pale wavuni kama mtu anayengoja mgeni aliyepiga simu kusema yuko njiani. Tukachukua seti ya tatu. Tukachukua ya nne, na Mashuka walikuwa wanacheza sasa, wanakabidhiana, wanarudi nyuma, wanasogea, hata mimi nikasahau kupiga kelele. Filimbi alipuliza filimbi yake kutoka benchi mpaka refa akamtishia kadi. Jasho lilimtoka, likapita kwenye suti likaacha ramani mgongoni. Niliitazama ile ramani kwa raha zangu zote.

Seti ya tano akamrudisha mdogo wangu, tumeshawaacha mbali. Nilidhani atagoma. Mimi ningegoma. Yeye aliingia akacheza kama mtu asiyedaiwa na yeyote, akawarudisha pointi kwa pointi hadi tukawa sawa, kwa vidole vile vile vilivyovimba. Nilimwogopa, na nilijivuna kwa ajili yake, vyote kwa wakati mmoja. Hakuna aliyemtengeneza yule.

Tukapata pointi moja. Mpira uliofuata mdogo wangu aliuinua vizuri mno, mpigaji wao akaupiga, Mama Mapacha akaufikia kwa ncha za vidole, ukarudi kwao, ukagusa sakafu. Tumeshinda. Kimya alikuwa anapiga mayowe, neno ambalo sikudhani ningeliandika juu yake.

Kabla ya kombe walitoa ngao. Mshereheshaji akamvisha Filimbi kilemba cha ukoka kwa muda mrefu: baba wa mafanikio, mlezi, mwanga. Aliipokea, suti imelowa, na timu yake nyuma ikitazama viatu. Kisha akanifuata pale nilipokuwa nangoja kuitwa. Akaninong'oneza, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba.

"Binti yangu, hata wewe ni tunda langu. Wakikupa kipaza sauti, waambie. Neno moja tu. Waandishi wapo."

Msimu mzima nilikuwa na hotuba kichwani, kila tusi mahali pake. Nilikuwa nitamwanika na suti yake. Lakini alipotamka "neno moja tu" niliona anachohitaji, na kwamba ninacho mimi. Hata tusi lingekuwa ni kumtaja.

Nikashika kipaza sauti. Nikamtaja Mama Mapacha, anayepakia mashuka ya wodi zote, na jinsi alivyokuwa anakwepa mpira. Nikamtaja Kimya, aliyenisahihisha leo mbele ya wenzake. Nikamtaja Bi Mkubwa, aliyepanga zamu upya ili tupate jioni. Mama yetu aliyelea wawili peke yake. Nikawataja mmoja mmoja mpaka wa akiba. Kisha nikasema kwamba leo nilifungwa seti mbili na seta bora kuliko mimi, kwa mbinu alizotunga mwenyewe kichwani mwake, na kwamba nilimkosea uwanjani, na ni mdogo wangu. Nikamwita. Akaja, mikono ameificha nyuma, watu wamesimama wote.

Nikarudisha kipaza sauti. Filimbi alikuwa amesimama hatua chache kutoka hapo, ngao kifuani, tabasamu tayari, kichwa ameinamisha kidogo kama mtu anayesubiri makofi yake. Alibaki hivyo hata baada ya makofi kwisha.

Mwandishi mmoja akanikimbilia. "Na kocha wako wa zamani, una lolote la kumwambia?"

Filimbi alikuwa karibu kiasi cha kusikia.

"Yupi?" nikauliza.

Mdogo wangu alicheka mpaka akakaa chini.